Mchezaji wa Pili

Walisema sitaweza. Tajiri wa ng'onda, ambaye ghala lake la samaki wakavu liko karibu na msikiti, alitangaza mbele ya watu kwamba mtu aliyeondoka Palma na kandambili za rangi mbili tofauti atarudi na kandambili hizohizo. Mwalimu wa madrasa alisema umeme ni elimu ya watu wenye umeme. Vijana wa rika langu walisema nikifika Dar es Salaam nitaosha sahani mpaka vidole viote magamba. Hilo la sahani lilikuwa kweli na sioni haya kulisema. Niliosha sahani mchana, nikasoma jioni, nikatoka na diploma ya ufundi wa elektroniki yenye muhuri, na alama zake nazikumbuka somo kwa somo hadi leo. Niliitia kwenye fremu ya kioo, nikaivusha Rovuma kurudi kwetu Msumbiji nimeipakata kifuani. Kutoka Tungue mpaka Pundanhar hapakuwa na mtu mwingine mwenye karatasi kama ile. Kama alikuwepo, hakujitokeza.

Nilirudi wakati watu wa gesi wamejaa. Helikopta zilipita juu ya ghuba tangu asubuhi, na mbali kwenye upeo wa bahari zilisimama meli ambazo haziji wala haziondoki. Ukiziangalia mchana ungedhani kuna mji umejengwa kule wakati sisi tumelala. Vyumba vilipanda bei, nyanya zikapanda bei, na kila kijana aliyepata kibarua kambini alinunua simu kabla ya kununua shati. Niliyaona hayo nikajiambia jambo moja tu: simu hizi zitaharibika.

Mtaji niliukopa kwa watu watatu. Mama mdogo wangu, aliyekuwa akiuza vitumbua mlangoni kwake, aliuza mkufu. Mwalimu wa madrasa alinipa akiba yake huku akinionya kwa aya mbili. Tajiri wa ng'onda alinipa huku anacheka, akaweka sharti: mwezi wa Shaabani ukiandama sijamlipa, kila kilichomo chumbani mwangu ni chake. Tangu siku hiyo akaniita Enjenyero, kwa Kireno chetu mhandisi, na alilitamka kama mtu anayetema kokwa.

Nikapanga chumba. Mchana nilitengeneza simu na redio. Jioni niliweka televisheni na mashine ya michezo, vijana wakalipa kwa kila mechi. Mimi ndiye niliyeanza jambo hilo pale, wengine wote waliiga.

Kabla sijaendelea niseme ninavyoviona vyombo hivi, maana watu hunilipa kwa maoni yangu. Kampuni iliyotutengenezea simu ya tochi na laini mbili ilitujua kuliko wanaotutawala. Ile inayogundisha betri ndani ya simu imeshapanga siku ya simu yako kufa, ila haijakuambia. Na wenye mashine za michezo ni wajanja kuliko wote. Wanakuuzia nusu ya mchezo kwenye diski, nusu nyingine wanataka uivute kwenye mtandao, na sisi mtandao tulikuwa tunaupandia juu ya kichuguu na kuungoja huko. Katika mchezo wao wa mpira wamechora nyasi jani kwa jani, wamechora hata jasho la wachezaji, lakini timu ya Msumbiji hawakuiona. Hata hivyo siwezi kuidharau kazi yao. Kila nikifungua mashine moja nahisi nimeingia nyumba ya watu wenye akili nyingi, ambao wametoka sasa hivi na hawajafunga mlango.

Mashine yangu ya kwanza ilikufa kwa vumbi. Ya pili niliinunua kwa wafiwa. Jirani yangu, kijana aliyekuwa mpishi msaidizi katika kambi ya gesi, alikuwa amepata mashine nzuri kutoka kwa mgeni mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Akaugua homa siku tatu, siku ya nne tukamzika. Kwetu mtu akifa, vitu vyake vyote vinatolewa uani na kuhesabiwa mpaka ndoo, madeni yalipwe, kinachobaki wagawane warithi. Kuficha hata kijiko ni kula haki ya wenzako, na watu hawalisahau. Mashine ikatolewa pamoja na kile kishikio cha vitufe, ambacho huku kwetu, kwa Kireno, tunakiita komando.

"Komando zilikuwa mbili," nilimwambia kaka yake marehemu. "Ya pili iko wapi?"

"Tumetafuta hatukuiona. Labda aliiacha kambini. Unanunua au hununui?"

Nikanunua. Wala sikuibeba mbali, kwa sababu chumba changu na nyumba yao vilitenganishwa na ukuta mmoja wa mawe na udongo. Mama mdogo alinitazama nikiingia nayo akasema, "Mwanangu, vitu vya marehemu si vya kuchezea." Nikamwonyesha diploma ukutani.

Wiki ya kwanza biashara ilikuwa nzuri. Kwa kuwa komando ni moja, kijana mmoja alicheza dhidi ya mashine yenyewe, wenzake wakamzomea na kungoja zamu. Kisha ikaja alasiri moja. Wote tulikuwa tunatazama ukurasa wa kuchagua timu. Pale kuna alama ndogo yenye namba moja, nayo ni wewe mchezaji: unaisogeza kushoto au kulia kuchagua upande. Ghafla chini yake ikatokea alama nyingine. Namba mbili.

"Kaka, nani kashika ya pili?" akauliza aliyekuwa anacheza.

"Ya pili haipo."

"Basi tazama."

Ile alama ilitulia kidogo katikati ya kioo. Kisha ikasogea kulia, polepole, ikakaa kwa timu nyekundu.

Mechi ikaanza. Wekundu walipoupata mpira wakaurudisha kwa kipa wao. Kipa akaupiga, ukawarudia wekundu wenyewe, nao wakaurudisha tena kwa kipa. Hawakwenda mbele hata mara moja.

"Epa, huyu anachezaje? Anarudisha nyuma tu."

"Kama mgeni aliyetengewa nyama. Kila akipewa anarudisha sahanini."

Wakacheka. Mpira ukarudi nyuma tena, ukarudi tena, na vicheko vikaisha kimoja kimoja. Mwishowe ilisikika jenereta tu uani, na sauti ya mtangazaji wa ndani ya mchezo anayesifia kitu ambacho hakipo. Kabla ya magharibi alama namba mbili ikapotea.

Kesho yake, baada ya sala ya alasiri, ikarudi. Siku ya tatu vilevile. Siku hiyo ya tatu kijana mmoja alisema taratibu, bila kumwangalia mtu, "Mwenyewe kaja kudai mashine yake." Walitoka kwa pamoja mlangoni pale ambapo kwa kawaida hawapiti wawili. Jozi nne za kandambili zilibaki ndani na hakuna aliyezirudia.

Watu walioleta simu kutengenezwa walikuja kuzichukua zikiwa bado mbovu. Walizipokea kwa ncha za vidole. Tajiri wa ng'onda alipita akasimama mbali, mikono nyuma.

"Enjenyero! Nasikia umepata mteja asiyelipa."

"Ni hitilafu ndogo, mzee."

"Hitilafu ina jina na kaburi lake tunalijua. Rajabu hii inakwisha. Mimi mashine ya jini siitaki, nitachukua televisheni na jenereta."

Niliifungua ile mashine mara tatu. Nilisafisha, nikapima, nikabadilisha feni. Ilikuwa nzima kabisa, na hilo ndilo lililonitisha, maana kitu kibovu najua kuzungumza nacho. Alasiri nilikaa peke yangu mlango wazi, nikatazama namba mbili inakuja, inatulia, inasogea kulia. Sikuiogopa. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli, lakini pia ni kweli kwamba sikuipa kioo mgongo.

Siku moja nilipokuwa naweka komando yangu chaji niliona jinsi taa zake zinavyopepesa, halafu moja inatulia. Ile taa ikitulia maana yake ni kwamba imeiona mashine yake. Nikajipiga paji la uso. Ufundi wangu wote, na nilikuwa natafuta ndani ya mashine mtu aliyekuwa nje yake! Nazilaumu kampuni kwa hilo. Zamani komando ilikuwa na waya. Ukitaka kujua nani anacheza unafuata waya kwa mkono mpaka unamshika mtu kidole. Wakaja wakakata waya, wakasema ni starehe, wasituambie kwamba komando haiisahau mashine iliyofungwa nayo, hata mashine ikiuzwa, hata mwenyewe akizikwa.

Nikamweka mama mdogo mbele ya televisheni, nikatoka na komando yangu huku namkimbiza mchezaji mmoja mle kiooni.

"Anakimbia?"

"Anakimbia!"

"Na sasa?"

"Anakimbia, maskini, mwache apumzike!"

Nikaendelea kurudi nyuma. Hatua ya kumi na mbili mama mdogo akapiga kelele, "Amesimama!" Nikarudia kila upande, kumi na mbili. Ndani ya duara hilo mlikuwa na kisima cha msikiti, ukuta wa nyuma wa ghala la tajiri, na chumba kimoja cha nyumba ya marehemu. Katika chumba hicho mjane wake alikuwa amekaa eda.

Mwenye kukaa eda hatoki na haonani na wanaume wasio ndugu zake, miezi minne na siku kumi. Wala mimi nisingeweza kwenda kubisha pale kuuliza habari za komando. Nikamtuma mama mdogo, naye akachukua vitumbua akaenda kumkalia mwenzake kama wanawake wanavyofanya. Nilibaki nikitazama kioo. Namba mbili ikaja. Ikasogea kulia. Wekundu wakaurudisha mpira kwa kipa, kisha namba mbili akasimama, akasimama muda mrefu, kama mtu anayesikiliza.

Mama mdogo alirudi kabla ya magharibi, akakaa bila kuvua ushungi.

"Anayo," alisema. "Anaiweka ndani ya pipa la mchele. Wanawake wakiondoka anaitoa, anakaa kuelekea ukutani, anaibonyeza. Taa inapepesa halafu inatulia. Akaniambia, 'Mama, shika.' Nikashika. Mwanangu, inatetemeka! Kama kifaranga mkononi. Nikaitupa mkekani. Akaiokota akaniambia, 'Usiogope, ananijibu.'"

"Mbona anarudisha mpira nyuma?"

"Nilimuuliza hayo unayoyasema. Mumewe akitoka kazini alasiri walikuwa wanacheza wawili. Yeye hakujua. Mumewe akamwambia, ukiogopa, rudisha nyuma. Ndilo analolikumbuka."

Kuna mtu, mahali fulani penye baridi, aliyelipwa mshahara kuamua kwamba kishikio cha plastiki kitetemeke mkononi mchezaji wako akikwatuliwa. Akaweka ndani mota mbili zenye vyuma vizito upande mmoja. Nimevishika vyuma hivyo, ni kazi safi. Sidhani kama mtu huyo alimfikiria mjane aliyekaa gizani upande wa pili wa ukuta, asiyeona kioo wala mpira, anayegusa tu mtetemo.

Basi nilikuwa nimeshinda. Ningeweza kesho yake kusimama pale penye ghala, mbele ya tajiri na wapiga soga wake wote, nikapima hatua kumi na mbili, nikawafungia midomo. Nilikuwa nimeshapanga hata maneno. Mama mdogo aliyasoma usoni mwangu.

"Ukisema umemvua nguo. Mashemeji zake wameapa vitu vyote vimetolewa. Watasema ameficha mali ya warithi. Watasema amekaa eda anacheza michezo. Wewe utapata wateja, na yeye atakuwa nani?"

"Na televisheni yangu? Na mkufu wako?"

"Mkufu ni wangu, nitaulilia mwenyewe."

Sikulala kwa raha siku hizo, na sikusema. Nataka ieleweke ni kazi kubwa kiasi gani kwa mtu kama mimi kutosema. Mwalimu wa madrasa alipojitolea kuja kukisomea chumba, nilimkaribisha. Alikuja na wanafunzi wake, wakasoma, wakanyunyiza maji pembe nne, moja ya pembe hizo ikiwa juu ya jenereta. Watu walijaa njiani. Alipomaliza akaniambia kwa sauti ya kusikika, "Sasa fungua, Enjenyero. Kilichokuwamo kimetoka."

Usiku uleule nikatangaza saa mpya: asubuhi mpaka adhuhuri, halafu kuanzia baada ya isha. Alasiri mashine inapumzika, nilisema, mafundi wote wa Dar es Salaam hufanya hivyo. Hawafanyi. Wateja walirudi wachache, kisha wengi, kila mmoja akitaka kusimulia kwamba aliwahi kukaa ndani ya chumba kile. Simu za kambini zikarudi. Tajiri nilimlipa nusu mwezi wa Shaabani ulipoandama, naye, kwa kuwa watu walikuwa wanatazama, akanipa mpaka mfungo pili, mwezi wa pili baada ya Ramadhani.

Ilibaki alasiri. Kuicheza mimi mwenyewe nilikataa. Mjane yumo katika eda, na mtetemo ule kwake ulikuwa ni mazungumzo, mimi si mumewe wala si ndugu yake. Lakini kuizima pia sikuweza. Kwa hiyo kila siku baada ya sala ya alasiri niliwasha jenereta, nikapanga timu moja iendeshwe na mashine yenyewe, nikaiweka komando yangu chini, nikatoka na kufunga kufuli. Nikakaa nje kwenye kibao. Ndani ya chumba kisicho na mtu mechi ilianza, uwanja ukanguruma, mtangazaji akapaza sauti. Waliopita waliniuliza nani yumo. Niliwajibu kwamba napima spika. Jua likiwaka vile, barabara tupu, nilisikia maelfu ya watu wakishangilia nyuma ya mlango niliokuwa na ufunguo wake mfukoni, na nywele za mikono zilinisimama kila siku, bila kukosa, mpaka eda ilipokwisha. Petroli ilikuwa yangu.

Eda ilikwisha siku ya Jumatano, katikati ya mfungo pili. Asubuhi ya Alhamisi nilikwenda kwa kaka yake marehemu nikamwekea mkononi bei ya komando.

"Ya pili imepatikana," nilisema. "Naichukua. Wagaieni warithi."

"Imepatikana wapi?"

"Imepatikana."

Alizihesabu pesa, na kwa kuwa zilikuwa nyingi kuliko alivyotarajia hakuuliza tena. Mchana mama mdogo alimleta mjane mlangoni kwangu. Alikuwa anakwenda kwa wazazi wake, Pundanhar, gari la kesho asubuhi. Uso wake sikuwahi kuuona, nilidhani atakuwa mtu mzima. Alikuwa msichana mwenye macho ya kuchoka. Nikamwambia komando sasa ni halali yake, imelipiwa.

"Ahsante, kaka. Mama ameniambia yote." Akatazama mashine, halafu mimi. "Usidhani sikujua. Mume wangu alinifundisha kila kitu. Nilijua ni mchezo, na nilijua kuna mtu ameuwasha kwa ajili yangu. Mungu akulipe."

"Si neno, dada."

"Nataka kukuuliza jambo moja tu. Ijumaa, wakati wa hutuba, alikuwa anacheza nani?"

"Ijumaa mchana?"

"Kila Ijumaa. Mtaa umenyamaza, wanaume wote wako msikitini. Taa inatulia, halafu komando inatetemeka kuliko siku zote. Mpaka nilikuwa nashika kwa mikono miwili."

Ijumaa wakati huo jenereta ilikuwa baridi. Kufuli limefungwa, ufunguo mfukoni mwa kanzu yangu, mimi mstari wa pili nyuma ya imamu. Komando haitetemeki bila mashine kuiamuru, na mashine haiamuru bila umeme. Hayo ni ya mwaka wa kwanza wa chuo. Nilifungua mdomo nimweleze, nikamwona anangoja, nikasema sijui. Neno hilo sikumbuki kumwambia mteja mwingine. Amenipa ruhusa ya kuandika haya, kwa sharti la kutotaja jina.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Gari la Pundanhar liliondoka mapema, naye amepakata furushi la nguo. Baada ya sala niliwangoja wadai wangu watatu nje ya msikiti, kwa makusudi, ili Palma nzima ione. Nusu iliyobaki nilimlipa tajiri wa ng'onda kwa noti mpya. Alizihesabu mara mbili, akazitia mfukoni mwa kanzu. Mwalimu wa madrasa nilimlipa akiba yake yote. Akaiinua juu, akawageukia watu.

"Mmeona? Diploma ilikuwa ukutani siku zote. Mashine ilitaka Kurani, haikutaka bisibisi!"

Watu wakacheka wakanitazama. Hatua kumi na mbili zilikuwa kwenye ulimi wangu.

"Ni kweli, mwalimu," nikasema. "Mungu akulipe."

Mama mdogo nilimlipa mwisho, alipokuja kunifuata. Hakuhesabu. Alizifunga pembeni mwa kanga, akanigusa shavu, akaenda zake. Watu wakatawanyika kwenda kula. Sikudaiwa na mtu yeyote chini ya jua, na nilikuwa nimefanya kwa mikono yangu kile ambacho hakuna mwenzangu aliyefanya. Mtaa ulikuwa kimya. Chumba changu nilikiona kutoka pale, mlango, kufuli, dirisha dogo. Nilikaa kwenye ngazi ya msikiti na ufunguo mkononi mpaka walipoadhini alasiri, nikaswali tena, ndipo nikaenda kufungua.